Ajali Haina Kinga, Lakini Tairi Ina Tarehe

Watu wa kwanza kutufikia walikuwa vijana wawili waliokuwa wakichunga mbuzi, na mama mmoja muuza maembe. Ilikuwa Desemba 2021, saa nane mchana, kati ya Kibwezi na Mtito Andei, jua la utosi, lami inatoa mvuke. Gari langu lilikuwa limelala mtaroni, pua ikielekea Nairobi tulikotoka. Mamangu alikuwa amekaa mchangani, ameushika mkono wake wa kulia kama mtu aliyepakata mtoto mchanga. Yule mama wa maembe akajifungua leso kiunoni, akamfunga mkono, kisha akasema maneno ambayo tangu siku hiyo siyawezi: "Poleni sana. Ajali haina kinga. Shukuruni Mungu mko hai."

Simlaumu. Alitupa leso yake na hakutaka irudi. Lakini ile sentensi ilianza kutufuata. Dereva wa lori aliyesimama kutusaidia aliisema. Polisi aliyechukua maelezo aliisema huku akiandika. Nesi aliisema akimkata mamangu mkono wa blauzi. Anko aliisema kwa simu kutoka Mwatate, tulikokuwa tunaenda kula Krismasi. Januari pasta akaja nyumbani, akaisema mara mbili na kuongeza maombi. Mimi nilihesabu. Kufikia mwisho wa mwezi huo, watu kumi na mmoja walikuwa wameniambia kwamba kilichotupata hakikuwa na kinga.

Mtu mmoja tu hakuisema. Alikuwa mzee wa pancha, pale Mtito Andei gari lilipovutwa. Alichuchumaa kando ya gurudumu la nyuma kushoto, yaani kilichobaki: rimu iliyopinda na mpira uliochanika vipande kama sukuma wiki. Hakuniuliza nilikuwa naenda kasi gani. Alilowesha kidole kwa mate, akapangusa vumbi ubavuni mwa ile tairi, akaniita.

"Madam, kuja usome hapa."

Nikasoma. Tarakimu nne ndani ya kijiduara kirefu kama yai: 3109.

"Hiyo ni nini, mzee?"

"Ni siku ya kuzaliwa. Wiki ya thelathini na moja, mwaka wa 2009. Hii tairi ni rika moja na mtoto wangu wa darasa la sita. Na wewe umeibebesha mama yako."

Nilikuwa nimeinunua miezi mitano tu iliyopita.

*

Duka sitalitaja. Hata nikilitaja, ukilifunga leo, kesho yatakuwa yamefunguliwa mengine mia. Nilichotaka siku ile ni tairi mbili za nyuma za Vitz yangu, na mfukoni nilikuwa nimesota. Kijana wa duka alinipokea vizuri, akanipa hadi stuli ya kukalia. "Siz, chukua hii eks-Japani. Ni origino. Ona meno hayo! Hii itakusukuma miaka mitatu bila stress."

Nikaweka kidole kwenye meno ya tairi, kikazama. Ilikuwa nyeusi tititi, inang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Nikalipa thao mbili na mia tano kwa kila moja, nikaondoka nikijiona mjanja wa mjini. Ile rangi nyeusi, nilikuja kujua baadaye, ni dawa ya chupa. Inapakwa kwa sponji, inakauka dakika tano, na inaficha nyufa jinsi poda inavyoficha chunusi.

Sasa huu ndio ugomvi wangu, na siutaki na yule kijana peke yake. Nautaka na sisi sote tunaoendesha, tunaobebwa, tunaolipa nauli na tunaosema pole. Tairi hufa vifo viwili. Cha kwanza ni kuisha, cha pili ni kuzeeka. Sisi tumefundishwa kuangalia kimoja tu. Kile cha pili tumekipa jina la mapenzi ya Mungu.

Kuisha kila mtu anakujua. Meno yanalika, tairi inakuwa kipara, mvua ikinyesha Waiyaki Way gari linateleza kama limewekwa kwa sabuni. Ile mifereji kati ya meno kazi yake ni kutoa maji chini ya gurudumu, na ikiisha, maji hayana pa kwenda, unabaki unaelea. Kuna hata alama ya kukusaidia. Chungulia ndani ya mifereji, utaona vijivuko vidogo vya mpira vimekatiza. Vijivuko hivyo vina kimo cha milimita 1.6. Siku ambayo meno yamelika hadi yakalingana navyo, tairi imeisha, hakuna mjadala.

Na hata hapo tuna ujanja wetu. Wapo wanaochukua tairi kipara na kuichonga meno mapya kwa kisu cha moto. Nisieleweke vibaya: zipo tairi za malori zilizotengenezwa na mpira wa ziada chini ya meno kwa kazi hiyo hiyo, na ubavuni zimeandikwa REGROOVABLE. Zipo pia tairi zinazovalishwa gamba jipya kiwandani kwa utaratibu maalum, na hata ndege huzitumia. Lakini tairi ya gari dogo ikichongwa na mtu aliyekaa kwenye debe, anachochonga ni ule mpira mwembamba uliobaki kufunika nyaya. Hajakuongezea meno. Amekupunguzia ngozi.

Lakini kuisha ni kifo chenye adabu, kinapiga hodi. Nataka kuongea kuhusu kile kingine.

*

Tairi haina mvi. Hilo ndilo tatizo lake. Nyumba ikizeeka utaona ukuta umemeguka, gari likizeeka litakohoa asubuhi. Tairi inaweza kuzeeka na meno yake yote mdomoni.

Mpira huharibika kwa kukaa tu. Oksijeni ileile tunayopumua huingia ndani yake polepole na kuubadilisha, unakuwa mgumu, unapoteza ule mnyumbuko. Jua linaupiga kwa nje, joto linaharakisha kila kitu. Ndani ya tairi kuna mikanda ya nyaya za chuma iliyogandishwa kwenye mpira. Mpira ukikauka, ule mshikamano unalegea. Kwa nje unaweza kuona nyufa ndogondogo ubavuni, kama kisigino kisichojua mafuta. Au usione kitu, kwa sababu ufa ulioanza ndani hauna haraka ya kujionyesha.

Halafu siku moja unaibebesha watu wanne na mizigo ya Krismasi, unaipeleka kilomita mia mbili na zaidi kwenye lami ya moto, upepo umepungua kidogo na hukujua. Tairi yenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila inapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakozaa joto. Joto linamalizia kazi iliyoanzwa na miaka. Gamba la juu linabanduka kwenye nyaya. Unasikia kitu kinagonga chini, pap pap pap, unafikiri ni barabara. Kisha mlio mmoja mkubwa, na usukani si wako tena.

Mimi nilisikia ile pap pap pap tangu tulipopita Kibwezi mjini. Nikaongeza sauti ya redio.

Jambo la ajabu ni kwamba kukaa bila kutembea hakuisaidii tairi. Watengenezaji huchanganya nta na dawa kwenye mpira ili kuulinda, na ile nta hupanda juu tairi inapozunguka na kujikunja. Gari likisimama miezi, ulinzi unalala. Kwa hivyo dere wa teksi ya app anayekimbia mji mzima kila siku, tairi zake zitaisha meno kabla hazijazeeka. Hatari ya uzee iko kwa yule mzee mwenye gari la Jumapili, linalotoka kwenda kanisani na kurudi. Iko kwa speya uliyoisahau chini ya buti tangu ununue gari. Iko kwa basi la shule linaloegeshwa likizo nzima juani, halafu siku ya kufungua linajazwa watoto sitini. Ukiliangalia, meno ni mapya kabisa. Mwalimu mkuu anatabasamu. Na hakuna aliyeinama kusoma ubavuni.

*

Basi tuiname. Inachukua dakika mbili na haihitaji fundi.

Tafuta kwenye ubavu wa tairi mfuatano wa herufi na tarakimu, mara nyingi unaanza na DOT. Nenda hadi mwisho wake. Tarakimu nne za mwisho ndizo unazozitaka: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. 0518 ni wiki ya tano ya 2018. 4722 ni wiki ya arobaini na saba ya 2022. Ukikuta mwisho wake una tarakimu tatu tu, hiyo ni tairi ya kabla ya mwaka 2000, kimbia. Usipoiona tarehe, usikate tamaa wala usikubali kuambiwa haipo. Mara nyingi imepigwa upande mmoja tu, na fundi ameugeuza ndani. Lala chini umulike na simu. Kama ni dukani, mwambie muuzaji aizungushe. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Miaka mingapi ndiyo mwisho? Hapa sitakudanganya kwamba kuna saa inayolia. Tairi haipasuki siku ya bathdei yake. Watengenezaji wengi wa magari huandika kwenye vitabu vyao kwamba tairi ibadilishwe ikifika miaka 6, hata kama meno yapo. Watengenezaji wa tairi wenyewe, kama Michelin, wanasema ikishatumika miaka 5 ikaguliwe na mtu anayejua kila mwaka, na ikifika miaka 10 tangu itengenezwe itoke, hata ikionekana nzima, na speya nayo imo kwenye hesabu hiyo. Sasa kumbuka joto ndilo linaloharakisha uzee, kisha niambie mtu wa Voi, Garissa au Lodwar anangoja miaka kumi ya nini. Mimi msimamo wangu ni sita. Ikifika sita naiaga kwa heshima, meno yawepo yasiwepo.

Na kama una uwezo wa kununua mbili tu, zile nzuri zaidi ziende nyuma. Najua kila mtu mtaani atakuambia mbele. Gurudumu la mbele likishindwa kushika barabara, bado una usukani wa kupambana nao. La nyuma likishindwa, gari linageuka lenyewe na wewe unakuwa abiria. Niliyajua hayo mtaroni.

*

Ukidhani haya ni mambo ya Kenya tu, ya barabara zetu na umaskini wetu, hebu twende Uingereza kidogo. Septemba 2012 basi lililokuwa limebeba vijana kutoka tamasha la muziki la Bestival lilipasuka tairi ya mbele kwenye barabara ya A3, kule Surrey, likagonga mti. Walikufa watu watatu: abiria wawili vijana, na dereva. Mmoja wa wale vijana aliitwa Michael Molloy, alikuwa na miaka 18. Tairi iliyopasuka ilikuwa na miaka 19. Soma tena. Ile tairi ilikuwa imemtangulia kuzaliwa.

Na ilikuwa halali. Meno yalitosha, na sheria ya wakati huo iliangalia meno. Mamake, Frances Molloy, hakukubali kuambiwa kwamba ajali haina kinga. Aliisumbua serikali miaka na miaka. Tarehe 1 Februari 2021 sheria ikaanza: tairi ya zaidi ya miaka 10 ni marufuku kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye magurudumu yote ya mabasi madogo yenye gurudumu moja moja kila upande. Mama mmoja alikataa methali, na nchi nzima ikabidi ihesabu.

Wale wa *Fast & Furious*, nina yenu pia. Novemba 2013 Paul Walker alikufa akiwa abiria kwenye Porsche Carrera GT. Wachunguzi walisema kasi ndiyo iliyoua, gari lilikuwa limefika takriban kilomita 150 kwa saa. Lakini walipozisoma tairi, wakakuta zina miaka 9, wakaandika kwamba umri huo ungeweza kulipunguzia gari uwezo wa kushika barabara. Gari la mamilioni, limekaa kwenye viatu vikuukuu.

*

Nyumbani je? Nyumbani tuna sheria nzuri kuhusu umri, ila tumeiwekea kitu kingine. Kanuni ya ubora ya Kenya, KS 1515, hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8. Mwaka 2021, gari la 2009 lisingekubaliwa kushuka pale bandari ya Mombasa, lingeonekana ni zee, ni hatari, ni takataka. Lakini mimi mwaka uohuo nilinunua tairi ya 2009 mchana kweupe, Nairobi, na nikaambiwa niangalie meno. Chuma tunakipigia hesabu ya miaka. Mpira unaokishikilia chuma hicho barabarani tunauangalia kwa macho. Mguso wa kila gurudumu na lami hauzidi sana kiganja cha mkono. Viganja vinne, ndivyo vinavyotenganisha familia yako na mtaro.

Mnaniambia kuna ukaguzi, kuna stika. Dere mmoja wa mathree aliniambia bila aibu yoyote kwamba siku ya ukaguzi wao hukodisha tairi. Asubuhi wanafunga, gari linapita, jioni zinarudi kwa mwenyewe, kipara kinarudi kazini. Alinicheka nilipokunja uso. "Sasa wewe unataka abiria alipe fare ama tairi?" Nilitaka kumjibu kwamba abiria analipa vyote viwili, nauli akipanda, na tairi akishuka kwa machela.

Ninachodai si kikubwa. Muuzaji wa tairi alazimishwe kuandika mwaka wa kutengenezwa kwenye risiti. Ni tarakimu nne, kalamu haitaisha wino. Mkaguzi asome ubavu kabla ya kusoma meno. Na gari lolote linalobeba watu kwa nauli au karo, tairi yake iwe na umri wa mwisho ulioandikwa kisheria. Maziwa ya pakiti yana tarehe na mtu wa supamaketi anashtakiwa akiyauza yameharibika. Maziwa yakikuharibikia yatakuendesha chooni. Tairi ikikuharibikia haikuendeshi popote tena.

*

Najua jibu lenu, nimelisikia kwenye kila meza. "Siz, hiyo ni story ya watu wenye ganji. Sisi tunaendesha na tulicho nacho."

Siwezi kulipuuza hilo, kwa sababu mimi nilikuwa huyo. Nilinunua mtumba kwa sababu ya umaskini, si kwa sababu ya ujinga peke yake. Kwa hivyo tupige hesabu, tena ya kimaskini. Nilipokuja kubadilisha baadaye, tairi mpya ya saizi yangu iliniuzia elfu sita. Nne ni elfu ishirini na nne. Nikizitumia miaka mitano, yaani miezi sitini, ni shilingi 400 kwa mwezi. Ile mtumba ya elfu mbili na mia tano, nne zingekuwa elfu kumi. Mtumba iliyokula miaka yake huko ilikotoka, ikikupa mwaka mmoja na nusu ushukuru. Elfu kumi kwa miezi kumi na minane ni zaidi ya shilingi 550 kwa mwezi. Maskini ndiye anayelipa zaidi, tena analipia kitu kibovu. Huo sio unafuu. Ni kodi ya kutokuwa na elfu ishirini na nne kwa mpigo.

Na hapo ndipo tatizo la kweli lilipo, kwenye kile "kwa mpigo". Shilingi 400 kwa mwezi ni shilingi kumi na tatu kwa siku. Tuna chama za sufuria, chama za viti vya plastiki, chama za kununua mbuzi wa Krismasi. Tunakopeshwa simu tunalipa kidogo kidogo kila siku. Sijawahi kuona chama cha tairi. Kama kweli hatuwezi, tuanzishe. Na kama hata hiyo haiwezekani mwezi huu, basi zipo kinga za bure: pima upepo kila wiki gari likiwa baridi, kulingana na kile kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Usipakie kupita kiasi. Punguza mwendo mchana wa jua kali. Na ukisikia pap pap pap, usiongeze redio.

Lipo jibu la pili, la wale wanaojua kuendesha. "Mimi niko na miaka ishirini barabarani, sijawahi kubast." Hongera. Nami nilikuwa na miaka kumi na miwili bila kubast, hadi saa nane mchana siku ile. Ustadi wako uko mikononi, na tairi ikipasuka kinachoamua ni kilicho chini ya miguu.

Na la tatu ni lile la Mungu. Hili naligusa kwa adabu, maana mamangu ni mtu wa kanisa na ndiye aliyenilea. Siku pasta alipomaliza kusema kwamba haikuwa na kinga, mamangu alinyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Pasta, kinga ilikuwepo. Ilikuwa imeandikwa. Ni sisi hatukusoma." Nilitoka nje nikalia kwa mara ya kwanza tangu Mtito.

*

Mamangu ni fundi cherehani. Alikuwa. Mkono ulivunjika karibu na kiwiko na ulipoungana haukurudi kunyooka wote. Kushona kwa mashine anaweza, taratibu. Mkasi ndio uliomshinda. Kitambaa kizito akikikata, vidole vinakufa ganzi katikati ya mstari na ukato unapinda. Ameajiri msichana wa kumkatia, na nusu ya anachopata kinaishia hapo. Hajawahi kunilaumu. Laiti angenilaumu hata mara moja, tumalizane.

Kwa hivyo nikisema "sisi", sijifichi humo ndani. Mimi ndiye niliyetoa zile elfu tano. Mimi ndiye niliyeweka kidole kwenye meno nikaridhika. Tarakimu zilikuwepo, sentimita ishirini kutoka kwa kidole changu. Nilisoma hadi tarehe ya mkate asubuhi hiyo, nakumbuka, nikaurudisha rafuni kwa sababu ulibakisha siku moja.

Ile tairi sikuitupa. Nilirudi nayo Nairobi kwenye buti la gari la binamu, na wiki iliyofuata nikaenda nayo Kariokor, kwa wale wanaoshona akala. Fundi akaigeuzageuza, akaikagua kuliko nilivyoikagua mimi siku ya kuinunua. Akasema ubavu umekauka, hautamfaa kitu, ila kipande cha juu kina meno mazuri, kinatosha pea moja. Nikamwambia ashone. Ninazo mlangoni hadi leo. Hiyo ndiyo kazi ambayo tairi ya 2009 ilistahili kufanya mwaka 2021: kunipeleka dukani kwa miguu.

Sasa wewe. Usiniambie pole, usiniambie haina kinga. Weka simu mfukoni, au hapana, ishike, utahitaji tochi. Shuka hadi lilipo gari, lako au la mzee, au ile mathree unayopanda kila asubuhi na konda anakujua kwa jina. Inama. Pangusa vumbi. Tafuta tarakimu nne, na ujue nani ni mkubwa kati ya hiyo tairi na mtoto utakayemkalisha juu yake kesho.